Hatua ya Tisa

Ezati aliichora kwa kompyuta ya kukodi,
Arua, chumba cha nyuma ya duka la simu,
umeme ukikatika kila saa ya pili.
Mchezo si wake. Wenyewe wako mbali, hawamjui.
Yeye kaongeza tu mashimo, ngazi, mwezi wa kijani,
na adungu ya mama yake
iliyorekodiwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Kabla ya uzi wa kwanza, mama anakohoa.
Kisha jogoo. Kisha nyuzi,
zinapanda mojamoja kama mtu
anayepapasa swichi gizani.

Mimi hodari, niulizeni mtaani.
Shimo la tatu naliruka nimefumba macho.
Lakini ukifika mlangoni muziki unanyamaza,
ukianguka unaanza upya, tangu kile kikohozi.

Basi naanguka.

Ezati kasimama nyuma yangu,
chapati mkononi imepoa hajaigusa,
anahesabu: kumi na moja, kumi na mbili.
“Kumbe hujui kucheza,” anasema,
na sauti inamkwama
palepale uzi wa nne unapokwama.

“Sijui,” namjibu. “Nianzishie tena.”