Tazama Pia

Saa tatu asubuhi, na Dundee bado haijaamua kupambazuka.
Nimevaa soksi mbili mbili na sweta ya baba,
mikono nimeikunja mara tatu.
Meza ni ile ile ya chai, mkate nimeusukuma pembeni,
na mbele yangu kurasa mia nne na kumi na mbili
za maradhi ya kondoo wa milimani.

Kwato, kuoza kwa, 88–93.
Kupe, tazama pia homa.
Mwandishi kaandika kwa mapenzi, sina ubishi,
lakini mwenye kupenda chongo huita kengeza,
na kazi yangu mimi ni kusema chongo,
chini ya herufi C,
mtu mwenye haraka aingie bila kupiga hodi.

Mama hupiga simu kutoka Same kila Jumanne.
“Nakijwa, bado hujapata kazi ya kutoka nje?”
Namwambia, mama, kitabu ni nyumba,
mimi ndiye nibandikaye namba milangoni.
Anacheka. “Na ya kwako utaijenga lini?”
Nalipwa kwa ukurasa. Simwambii ni kiasi gani,
wala kwamba mita ya gesi nayo inahesabu,
na inahesabu haraka kunishinda.

Siku moja akauliza, “Na faharasa ya Kiswahili je, mnaipangaje?”
Swali la mwalimu mstaafu. Lilininyima usingizi.
Maana kwetu mtu yuko kwenye M
na watu wako kwenye W;
tukizidi mmoja tu, tunatenganishwa.
Mtoto halali chumba kimoja na watoto.
Na vitenzi? Ukiviacha na vilemba vyao vya ku,
K itafurika: kula, kulala, kulia, kuoa, kufa,
maisha mazima yamebanana kwenye herufi moja
na huko kwingine vyumba havina wapangaji.
“Labda ndivyo ilivyo,” akasema,
salio likamwishia.

Jana, saa nane mchana, barua pepe ya mhariri:
picha imeongezwa kwenye sura ya tano,
samahani sana,
kuanzia 141 kila ukurasa umesogea kwa mbili.
Kila ukurasa.
Nikashuka ngazi mpaka chini nikakaa, sikuwa na pa kwenda.
Bi Elspeth wa mlango wa kwanza akanikuta pale.
Hana desturi ya kuuliza.
Akanipa kifurushi alichonipokelea tangu Ijumaa
na kipande cha keki ya tangawizi, kigumu kama kigae,
akarudi kwenye televisheni yake.

Nikapanda. Nikaanza. 141 ikawa 143.
Nimeshawahi kuifanya hesabu hii.
Baba alipoondoka mwezi wa Machi
hakuna kilichofutika: birika lipo, redio ipo,
mama bado anachuja chai kwa kitambaa kile kile.
Ila kila kilichofuata kilisogea kidogo,
ukifungua pale ulipozoea kukikuta
unakuta sentensi ya mambo mengine.

Leo si Jumanne, na simu inalia.
“Nimefikiria,” anasema mama, hata salamu hakuna.
“Kulala, kulia, kuoa, vivue vilemba, kila kimoja kiende kwake.
Lakini kitenzi cha silabi moja hakivuliwi.
Kula, kunywa, kufa, hivyo viache hapo hapo kwenye K.
Vinajuana.”
Nasikia kalamu yake ikigonga meza.
“Na kuja, mama?”
“Kuja nako. Kuja na kufa mlango mmoja.”
Akanyamaza kidogo.
“Basi uje, kabla hujaanza kunitafutia ukurasa.”

Nje treni inavuka daraja la Tay, madirisha yote yana taa,
abiria hawazidi watano.
Naitazama kalenda, naitazama mita.
Kondoo wanatakiwa Ijumaa.
Nimefika 207, ambayo sasa ni 209:
kondoo jike, kumkataa mwanawe;
tazama pia