Kabla ya Saa Tano

Nililiona nikipunguza mwendo pale darajani.
Nimezoea kupunguza pale, ingawa basi la shule
nilisharudisha ufunguo wake, na watoto hawamo.
Ua jeupe, pana kama kisahani cha chai,
koo lake zambarau,
kama aliyeonja divai kwa siri akasahau kujifuta.

Weldon Pruett alikuwa na bomba mgongoni,
anainyunyizia seng'enge yake dawa.
"Gugu," akasema. "Lile lile linalonyonga mahindi."
Nikamwomba dakika kumi.
Mama mtu mzima akikuomba dakika kumi
naye amevaa ndala barabarani, utamnyimaje?

Nikachuchumaa kwenye kokoto.
Jani: moyo. Ila moja moja limebanwa kiunoni
kama fidla.
Gugu alilolijua Weldon lina jani la mshale
na ua dogo, la waridi iliyopauka.
Lile jingine, la kwenye nyua,
huvaa vijani viwili vipana chini ya ua, kama kola ya padri.
Hili halikuwa na kola.
Shingo tupu.

Nikampelekea Ottilie wa posta kipande cha mtambaa.
Akakigeuza juu ya mizani ya vifurushi,
akauliza, "Umechimba?"
Sijachimba.
"Chimba. Huyo hutambulika kwa chini."

Sepeto likagonga kitu, nikadhani jiwe.
Nikachimba kandokando, mkono ukazama hadi kiwiko,
hadi kwapa, na kitu bado kinashuka,
kinene kama paja la mwanamume,
kina baridi.
Binamu wa kiazi kitamu, lakini huyu hakupandwa na mtu;
alikuwapo kabla ya seng'enge,
pengine kabla ya babake Weldon.
Watu wa vilima hivi vya Ozark humwita mtu wa ardhini.
Nikamfukia. Nikamfunika taratibu, kama mgonjwa.
Weldon akanitazama nikipigapiga udongo,
akalitua bomba. Hakusema neno.

Oktoba nikarudi kuomba mbegu.
Nne tu, nyeusi, zenye manyoya ukingoni
kama masharubu ya mvulana wa darasa la nane.
Nikazikwaruza kwa tupa, kidogo, mpaka weupe uchungulie,
nikazilaza majini usiku kucha.
Moja ikavimba. Tatu zikagoma.
Basi hiyo moja, nikaipa pipa zima.
Mzizi wa namna hii hautaki chungu, unataka kina.

Mwaka wa kwanza: majani sita, kisha baridi, kisha hakuna.
Nilishika nafsi yangu nisifukue kuchungulia.
Mwaka wa pili: kamba ya zambarau ikaikwea nguzo ya baraza.
Nikaifungua, nikaizungusha upande wa pili, kuitania tu.
Kulipokucha ilikuwa imeshajirudi.
Ua, hata moja.
Wanasema mvumilivu hula mbivu.
Mimi nilikula ngano za Ottilie:
"Linajenga tumbo kwanza."

Mwaka wa tatu lilichanua siku ya kliniki ya macho.
Nilirudi saa saba, dawa bado inanitia ukungu,
nikakuta kitu kimejisokota
kama mwavuli uliolowa.
Nilikaa ngazini nikalia, na nilijua ni upuuzi,
nikaendelea.

Lakini chini yake palikuwa na tumba jingine, limekazwa kama skrubu.
Nikampigia Weldon saa kumi na moja alfajiri.
Alikuja na chupa yake ya kahawa,
shati limefungwa vifungo kombo.
Tukasimama. Hatukuona likifunguka;
tuliangalia nyuki mmoja, tukageuka, likawa limeshafunguka.

Weldon akainama, magoti yakalia,
akapitisha kidole chini ya ua,
pole pole, pande zote mbili.

"Halina kola," akasema.