Vumbi la Godoro

Kazi yangu ni kukusanya vumbi.
Nabisha hodi, navua viatu, naomba godoro la mtoto,
nalipitishia mashine dakika mbili kwa saa ya mkononi,
kisha nachomoa soksi ya kuchujia, naifunga, naandika namba.
Majina hayaruhusiwi.

Asubuhi nilikuwa juu ya Sonthofen,
theluji bado imeng'ang'ania kingo za barabara.
Kreszentia ana ng'ombe kumi na mmoja na mtoto wa miezi saba.
Amemlaza Vinzenz kwenye kreti ya matufaha
hatua tatu kutoka mkojo wa ndama,
anakamua huku akimsemesha,
na ndama, kwa udadisi wake, analamba ukingo wa kreti.
Mtoto akapiga chafya, akacheka.
Soksi ilitoka nyeusi, na unyasi mmoja.
"Siku hizi uchafu una soko?" akauliza mama.
"Basi chukua na buti za mume wangu."

Mchana, Kempten, ghorofa ya nne.
Sakafu unaweza kujitazama meno.
Wiebke amemvika Jorin soksi mikononi
asijikune; mikunjo ya viwiko imechubuka,
mbichi, kama ganda lililobanduliwa kabla ya siku zake.
Jumapili moja, nusu kijiko cha yai,
na midomo ikafura mpaka macho yakapotea.
Ananiambia haya akiwa amelipa dirisha uso.
Halafu: "Nilisafisha mno?"

Kwenye fomu hakuna kisanduku cha swali hilo.

Ningemwambia tunachodhani:
kwamba mwili mchanga una walinzi walioajiriwa jana,
rungu mkononi, sura za watu hawazijui.
Kinachoingia kwa kinywa huja na barua ya utambulisho.
Kinachopenya ngozi iliyopasuka
ni mtu aliyepita dirishani usiku,
na hata akiwa yai, akiwa maziwa,
watamkumbuka hivyo.
Kinga na kinga ndipo moto uwakapo,
tulifundishwa tukadhani ni habari ya kuni.

Ningemwambia. Lakini ndani ya mkoba wangu
kuna sindano ya dharura, na si ya kazi.
Afra wangu alizaliwa Februari, zizi liko ukuta wa pili,
alitambaa juu ya nyasi kavu, paka akimnyang'anya mkate,
na akiwa na miaka mitano, harusini kwa kaka yangu,
korosho moja.
Moja.
Nilimbeba ngazi zote zile nikihesabu pumzi zake,
nikikosea hesabu, nikianza upya.
Kwa hiyo mimi ni nani wa kumpimia Wiebke sabuni?

Nikasema tu, "Hujamkosea mtoto."
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji pungufu
na hana nguvu ya kudai.

Nilipoinama kufunga sanduku
(mia mbili na tatu, mia mbili na nne,
soksi mbili ubavu kwa ubavu kwenye barafu)
Jorin alikuwa amefika kwenye mashine.
Akaikumbatia kwa vile viganja vya pamba,
akafungua kinywa,
akalamba gurudumu.

Wiebke akaruka.
Mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama hewani.
Akanitazama kwa mara ya kwanza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikawaza,
na papo hapo nikawaza pia
lile gurudumu, baada ya zizi la Kreszentia,
nililipangusa kweli?
Sikumbuki.
Mtoto alikuwa anaonja, anafikiri.
Tukangoja wote wawili kuona uso wake.