Kanuni ya Nne

Tumeziandika nyuma ya bili ya umeme,
umeme wenyewe haupo tangu Jumanne.
Kompyuta mbili, betri moja ya pikipiki,
na fundi Cirhuza katuazima chumba chake cha cherehani
pale Kadutu, ngazi zinapoanza kuteleza.

Ya kwanza: anayeuliza aoneshe alichojaribu.
Ya pili: anayejibu aseme kwa nini, asiishie "fanya hivi."
Ya tatu tulibishana hadi mshumaa ukainama:
Kifaransa au Kiswahili?
Tukaandika: lugha unayolilia jino likiuma.

Ndipo Nsimire, kimya tangu mchana,
akatugeuzia kompyuta yake.
Siku ya tisa hii, programu ya kuhesabu
magunia ya mihogo ya mamake
imegoma.
Ilikosa nuktamkato. Moja.
Bisimwa akacheka.
Na mimi nilicheka, sifichi.

Akaifunga polepole,
kama mtu anayefunika chungu ambacho hakijaiva,
akashuka ngazi.

Ya nne nimeiandika mwenyewe,
juu ya zote, kando ya deni la Machi:
hapa hachekwi mtu.

Rudi, Nsimire.
Betri ina nusu saa.