Farasi wa Nailoni

Kwanza tulikata mto.
Vipande viwili vya mraba, pasi ya nguo,
karatasi ya kuokea keki katikati
ili chuma kisiilambe nailoni ikayeyuka.
Ukiharakisha, mshono haushiki.
Ukichelewa unatoboka, na chumba kizima
kinanuka mshumaa uliojuta.

Bogumił alihesabu kwa sauti: moja, mbili, inua.
Ndivyo tulivyojifunza urefu wa sekunde mbili,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha nguo kilichokufa,
Łódź, Februari, vioo vikiota manyoya ya barafu.

Mto ukajaa. Tukaukalia, ukapasuka, tukacheka.
Kisha tukataka mpira:
vipande kumi na viwili vya umbo la jani, ncha kwa ncha.
Ikatoka ndimu.
Tukakata upya. Ikatoka ndimu iliyonenepa.
Jagna akasema bapa haipendi kuwa duara,
hubembelezwa kwa mkasi,
unakata usichokiona
na kuiachia hewa imalizie.

Mama yangu alishona humu makoti ya jeshi
miaka kumi na tisa, meza ya pili kutoka mlangoni.
Nilimleta Jumapili. Kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
akashika ukingo wa kazi yetu
kama anayepima homa.
“Hamkuacha nafasi ya mshono,” akasema.
“Upana wa kidole. Nguo hukatwa kubwa kuliko mtu.”
Hakuuliza tunatengeneza nini.

Farasi.
Farasi wa muuza makaa, ambaye Bogumił, akiwa na miaka sita,
alimwona akiteleza kwenye barafu nyuma ya gereji
na watu wazima wakamgeuza mtoto uso, wakachelewa.
Meta nne kutoka pua hadi mkia,
nailoni nyeupe ya kufunikia miche ya nyanya,
yenye alama ya kiatu cha mtu tusiyemjua.

Tuliunga feni ya bafuni kwenye kwato.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini farasi anayevuja hajui methali:
tuliziba kwapa, akapumulia sikioni,
tuliziba sikio, akapumulia kinenani,
Jagna akikimbia na utepe mdomoni kama mbwa na mfupa.
Tumbo likainuka. Mgongo.
Goti moja la nyuma lilitazama kusikotazamika,
kosa langu, nilikata kipande kichwa chini.
Shingo ikabaki sakafuni, soksi tupu.

Mama akavua kofia.
Akapiga magoti, yale magoti yake yanayolia,
akapapasa koo lote hadi kwenye mkunjo,
akaunyoosha kwa kidole gumba.
Kichwa kikapanda polepole, kikagusa taa,
kikayumba.

Hakuna aliyepiga makofi.
Bogumił alikwenda dirishani, akakaa huko kitambo
akikwangua barafu kwa kucha.

Saa kumi na mbili mlinzi akataka umeme wake.
Tulizima feni. Farasi akaanza kushuka kwa magoti ya mbele,
na mama, sijui kwa nini,
akakimbilia kichwa, akakidaka mikononi
kisigonge saruji,
kitu kisicho na uzito wa kikombe cha chai.

Tukamkunja. Akaenea kwenye mfuko wa viazi.
Mama alikuwa amekwishavaa koti
aliporudi mezani, akavuta taa karibu.
“Mguu wa nyuma,” akasema. “Nipe mkasi.
Huo si mkasi. Nipe mwingine.”