Miti Mitatu ya Mpakani

Swali la kumi na saba limenilaza macho siku ya tatu:
Lipi kati ya haya, likiwa kweli, linaitia hoja nguvu?
Nami nilidhani nguvu ni sauti.
Nilidhani hoja ni pikipiki iliyokwama mchangani:
mkiwa wengi, mkasukuma, itatoka.

Jumamosi nikamsindikiza mama mkutanoni,
ghala la chama cha msingi, Newala,
magunia hadi darini, vumbi la juti puani.
Akasimama, vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda:
"Mwaka huu nilipuliza salfa mapema, mwezi wa sita,
ua halijafunguka.
Mwaka jana gunia nne. Mwaka huu kumi na moja.
Basi mwakani tugawiwe mapema, wote."
Akaketi.

Chipoka hakubisha hesabu. Magunia yalikuwepo, yamepimwa.
"Ukungu," akasema.
"Mwaka huu ukungu haukupanda kutoka bondeni Ruvuma
kama ule wa mwaka jana.
Ubwiriunga hupenda ukungu. Ukungu haukuja, nao haukuja.
Sasa salfa yako, dada yangu, ilimpuliza nani?"

Watu wakacheka, na mimi nikauona:
kati ya nilipuliza na nilipata
kulikuwa na mlango ambao mama hakuufunga,
na ukungu wa Chipoka ukaingia bila hodi.

Mjomba Nangomwa akanyanyuka kumsaidia.
Akayarudia yaleyale, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde.
Mlango ukabaki wazi.
Bi Somoe akaapa kwa kaburi la mumewe
kwamba Asumini tangu utoto si mwongo.
Kweli. Ila nani alisema ni mwongo?
Kijana wa mizani akasoma bei ya mnada, imepanda,
tukapiga makofi, habari tamu
kama mvua inayonyesha Masasi wakati shamba lako liko huku.
Na mmoja, nyuma kabisa: "Salfa haijawahi kumwangusha mtu, popote, kamwe!"
Nikainamisha kichwa.
Huyo kajitwisha mzigo ambao hakuna aliyemtuma,
na hatafika nao.

Mama alikuwa anakwangua utomvu kwenye kucha.
Akasema bila kusimama, kama anayekiri deni:

"Kuna miti mitatu.
Kule mpakani, nyuma ya choo cha zamani.
Salfa iliniishia, na hela ya mfuko wa pili sikuwa nayo.
Mitatu ile haikuonja kitu.
Udongo huohuo. Mbegu ileile, alipanda baba, msimu mmoja.
Asubuhi zilezile, ukungu uleule, mdogo kama asemavyo Chipoka.
Maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga,
kisha yakawa meusi.
Sikuokota hata kibaba."

Ghala likanyamaza.
Ukungu ukafika mlangoni, ukasita.

"Mitatu tu?" akauliza Chipoka.
"Mitatu."
"Si mingi."
"Si mingi," mama akakubali,
na hapo ndipo nilipompenda kuliko siku zote,
maana hakusema amemaliza ubishi.
Alichomeka ufito mmoja, mahali palepale
ukuta ulipokuwa umelegea, akaondoa mkono.
Nyumba ikasimama kidogo zaidi ya jana.

Njiani nikamuuliza, mbona hukuanza na hiyo?
Akahamisha khanga bega hadi bega.
"Ningeanzaje? Nani huwapeleka wageni
wakaone mti uliomshinda?"

Usiku nikafungua kitabu.
Nilikuwa nimezungushia B, lile lenye maneno makubwa.
Ufutio sina, nikafuta kwa mate, karatasi ikatoboka.
Nikaanza upya, polepole,
sasa nikitafuta lile dogo, lenye aibu,
lililokaa mpakani, nyuma ya choo cha zamani,
likisubiri mtu alione.