Safu ya Nne

Daftari la zamu, pale kwetu Pasua, lilikuwa na safu tatu:
Tarehe. Jina. Kosa.
Nililirithi kwa matroni aliyestaafu,
jalada limeungwa kwa plasta ya kidonda,
nikalijaza kwa kalamu nyekundu
kama mtu anayehesabu madeni ya wengine.

Tarehe tisa, Aminieli, katoroka.
Tarehe saba, Aminieli, katoroka tena.
Tulimnyima mpira.
Ukuta tukauongeza kozi mbili za tofali.
Mlezi wa zamu akapewa barua ya onyo. Mlezi huyo ni mimi.

Alhamisi moja mkuu mpya, Bi Ndeshi, akaweka chai mezani,
akasema: leo simtafuti mtu.
Tukanyamaza. Tulizoea kutafutwa.
Hata vijiko viliogopa kugusa vikombe.

Ndipo mpishi, Nakunda, ambaye hakuwahi kuitwa kikaoni,
akasema kutoka mlangoni, maganda ya ndizi mkononi:
"Jumamosi ya kuamkia siku ya wageni hula nusu sahani.
Wenzake wanafua mashati. Yeye anaomba kuosha masufuria."
Mwaka mzima jibu lilikuwa jikoni
na sisi tunapima ukuta.

Bi Ndeshi akachukua rula, akachora safu ya nne.
Juu yake akaandika: Sisi tulikuwa wapi?

Sitadanganya kwamba ilitosha.
Mwezi wa tatu, mvua ikipiga mabati, umeme umekatika,
kitanda chake kilikuwa baridi.
Nikajaza safu tatu. Ya nne ikanishinda.

Asubuhi tulimkuta amelala bandani kwenye kuni, ndani ya ukuta,
matope hadi magotini.
Nilimpa uji, halafu, sijui kwa nini, nikampa daftari.
Akaandika polepole, herufi zikipanda kilima:

"Huwa narudi usiku uleule.
Nagonga geti. Mvua inagonga zaidi.
Kwa hiyo naruka tena, kuingia."

Nilikuwa wapi? Nilikuwa ndani, redio sikioni.

Tulinunua kengele ya ng'ombe mnadani Weruweru,
tukaifunga getini, upande wa nje,
kimo cha mkono wa mtoto wa miaka kumi na miwili.

Wiki hii haijalia.
Naisikiliza hivyo hivyo,
na redio nimempelekea Nakunda.